Nusu ya Faranga Hamsini Chini ya Kioo

Jumatano, 1 Oktoba 1997

Mchwa! Wametoboa katoni chini ya kitanda na kula noti yangu ya shilingi kumi ya mwaka 1966. Wameacha kona moja yenye namba, kama vile walitaka nijue walichokula. Nimekaa sakafuni na kona hiyo mkononi. Kama wameonja moja, wataita wenzao.

Zimebaki noti sitini. Tangu wakimbizi waanze kuvuka ziwa, noti zinakuja zenyewe kwenye meza yangu ya kutengeneza saa. Faranga za Burundi, faranga za Rwanda, zaire zenye sifuri nyingi hadi macho yanachoka. Mzee mmoja wa Uvira alinilipa mkanda wa saa kwa noti ya zaire milioni tano. Milioni tano! Haikutosha hata mkanda wenyewe. Lakini mimi ndiye fundi saa pekee hapa Buzebazeba, Kigoma, mwenye milioni tano, na nani anajua? Hakuna. Imo ndani ya katoni ya biskuti.

Verediana, mke wangu, amesema mchwa wana akili kuliko mimi, wanajua karatasi ni karatasi. Hajui uchungu wa mkusanyaji.

Kubwa kuliko mchwa: Jumapili ya tarehe 12 ni Siku ya Mavuno parokiani. Safari hii kutakuwa na meza za maonyesho, na meza itakayopendeza kuliko zote itapata saa ya ukutani. Naijua saa hiyo. Niliitengeneza mwenyewe mwezi wa tano, inachelewa dakika tisa. Hata hivyo naitaka. Leodgar, mpiga picha wa Gungu, ameshatangaza kwamba ataleta noti zake arobaini na tano. Zimo ndani ya albamu ya picha, kila ukurasa una plastiki. Plastiki! Mimi nina biskuti.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimehamia kwenye kopo. Kopo kubwa la maziwa ya unga, kifuniko kinabana, na mchwa hawana meno ya kula bati. Nimetia vidonge vinane vya naftalini, vya kufukuza wadudu. Vinne niliona havitoshi.

Mchana nimefungua kuona hali. Nimepiga chafya kumi na moja. Noti zinanuka kama koti la marehemu. Halafu nikaona kifuniko kina matone kwa ndani. Maji! Mvua zimeanza, hewa ya ziwa imelowa, nami nimeifungia humo pamoja na mali yangu. Faranga mia imeanza kujikunja. Nikazianika zote uani juu ya mkeka kama dagaa, nikasimama na fimbo kuzilinda dhidi ya kuku, majirani na upepo. Upepo ndio unaotisha, maana hauogopi fimbo. Kuku amekanyaga Rwanda.

Vénérande alinikuta hapo. Ni mama wa Kirundi aliyepanga chumba chetu cha uani tangu mwaka juzi, anauza mihogo ya kukaanga karibu na meza yangu. Hana maneno mengi. Alizitazama noti, kisha akauliza kama ni kweli kwamba najua kutunza karatasi isiharibike. Nikamwambia kuanzia hapa hadi ng'ambo ya ziwa hakuna anayejua kunishinda. Kuku akapita tena. Nilijifanya simwoni.

Jumamosi, 4 Oktoba

Vénérande amenikabidhi amana.

Ni nusu ya noti ya faranga hamsini. Nusu tu! Imechanwa kwa mkono, ukingo umepanda na kushuka. Alinieleza taratibu, maneno ya Kirundi yakiingia katikati. Siku waliyokimbia, miaka minne iliyopita, watu walitawanyika na mumewe Hatungimana akaona watapotezana. Akaichana noti ile, wakagawana. Akamwambia kwamba yeyote atakayekuja kudai ametumwa naye, atoe nusu ya pili. Zikikutana, amfuate. Zisipokutana, amfukuze hata kama analia.

Wameshakuja wawili, wenye maneno matamu, wanajua hadi majina ya wazazi wake. Hawakuwa na nusu. Aliwafukuza. Mama mwenzake alimfuata mmoja wao na mpaka leo hajulikani alipo.

Sasa anaogopa. Paa la chumba chake linavuja (kosa langu, lakini si wakati wa kulizungumza). Tena watu wanasema wageni wote wasio na vibali watakusanywa siku yoyote na kupelekwa kambini, na kwenye msukosuko kama huo kitu kidogo hupotea. Kikipotea, amempoteza mume. Alinishika mkono akasema, "Fundi, hiyo si pesa."

Nikaapa. Nikasema hakuna jicho litakaloiona, na langu nitalizuia. Alipoondoka nikagundua nimeapa kabla ya kujua nitaiweka wapi. Leo imelala ndani ya soksi yangu. Natembea kama mwenye jipu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda Gungu kumpeleleza Leodgar. Nikasingizia nataka picha za pasipoti. Akauliza nasafiri kwenda wapi. Sikuwa nimefikiria. Nikasema Zambia.

Albamu iko kwenye kaunta, imefunuliwa makusudi. Inang'aa kweli, nimeumia. Unainua plastiki, unaweka noti kwenye ukurasa wenye gundi, unashusha plastiki. Basi! Hakuna mchwa, hakuna maji, hakuna kuku. Nikamwomba aniuzie moja. Akasema kwa mshindani bei ni mara mbili, kisha akanipa iliyotumika, yenye picha ya bibi harusi iliyosahaulika ukurasa wa mwisho. Nikalipa. Na picha za Zambia nikalipa.

Nyumbani nikaanza na zaire moja isiyo na thamani, kwa tahadhari. Ikakaa vizuri mno. Baada ya chakula nikajaribu kuitoa. Haitoki! Nikavuta kwa kibano. Ikatoka uso, mgongo ukabaki. Nikakaa chini. Zimebaki hamsini na tisa.

Ndipo wazo likanijia kwamba za Leodgar zote arobaini na tano zimeganda humo na mwenyewe hajui. Nikacheka hadi Verediana akaja kutazama. Kisha nikaogopa. Kicheko changu huwa kinatangulia, matata yanafuata nyuma.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata! Jibu lilikuwa mbele yangu miaka yote. Sanduku la kioo la meza yangu ya saa!

Nimeondoa saa za wateja (nimezitia kwenye sufuria, Verediana asijue). Nimetandika kipande cha mahameli nyekundu. Nimepanga mistari sita, kila mstari noti kumi. Kioo kinazibana zisijikunje, kufuli dogo linazuia wezi, mchwa nawaona wakija. Nimerudi nyuma hatua tatu kutazama. Machozi yalinilengalenga. Mstari wa mwisho una pengo.

Pengo! Ile zaire ya albamu. Tisa na tundu jekundu kama jino lililong'oka. Hakimu yeyote wa maonyesho ataliona pengo kwanza. Leodgar ataliona pengo tu, hataona kingine.

Nilifikiri kwa dakika kumi. Kisha nikavua soksi.

Si kwamba naionyesha. Naihifadhi. Kioo ni salama kuliko soksi, kila mtu atakubali, na kama iko chini ya kioo siku ya Mavuno ni kwa sababu kioo kitakuwa huko. Faranga hamsini ya Burundi Leodgar hana. Hilo ni jambo la pembeni.

Lakini ukingo ulikataa. Umejikunja pale ulipochanwa, unainua kioo, kufuli halifiki. Nikautazama kwa lenzi. Nyuzinyuzi za karatasi zimetoka nje, na penye nyuzi mchaniko huendelea. Fundi cherehani akiona kitambaa kinafumuka hufanya nini? Hukipunguza. Nikachukua mkasi wangu mdogo. Nimepunguza kidogo sana, utepe mwembamba kama mshale wa saa. Sasa ukingo umenyooka, kioo kimelala, kufuli limefunga. Utepe nimeutia kwenye kopo la skrubu, maana fundi saa hatupi kitu kidogo, leo hukitaki na kesho unakitafuta kwa magoti.

Nimemfanyia jambo la maana Vénérande. Mchaniko ungeendelea. Sitamwambia, asije akaona ana deni la shukrani.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefunga mlango kwa komeo. Niandike haraka.

Asubuhi mambo yalikwenda sawa. Meza yangu ilikuwa karibu na ya Leodgar, sanduku limefutwa, kibao kimeandikwa NOTI ZA NCHI SITA, MALI YA FUNDI FELIKSI. Mke wa katekista alisifu. Vénérande hakuja, anaogopa mikusanyiko. Nikashukuru.

Kisha akaja mtu mwenye koti la mvua. Akatazama kioo, akatazama kushoto na kulia, akatoa faranga elfu moja na kuniuliza leo napokea kwa ngapi. Nikasema sibadilishi fedha, ni maonyesho. Akanikonyeza. Nyuma yake akaja mwingine. Mimi mjinga! Kigoma nzima inajua kwamba noti za nchi tatu zikilala kwenye meza moja maana yake ni moja tu, na mimi niliweka za nchi sita na kibao juu. Kabla Padre hajabariki maboga, foleni ilikuwa imepita lango. Wengine hata si Wakristo, walikuwa wanapita kwenda sokoni. Kila niliyemkatalia aliamini nangoja bei ipande. Mama mmoja alisema fundi huyu bei yake ni nzuri, ndiyo maana anachagua watu.

Pembeni alisimama bwana mwenye suruali iliyopigwa pasi, ananitazama na kuandika. Uhamiaji! Au wale wa uhujumu uchumi! Mwaka 83 nilimwona mtu mzima akitupa katoni za sabuni ziwani kwa hofu ya kukutwa nazo. Nikatazama ziwa liko mbali kiasi gani.

Ndipo akafika kijana mrefu wa Kirundi, hana noti mkononi. Akainama juu ya kioo. Akaweka kidole palepale, mstari wa mwisho, nafasi ya kumi. Rangi ikamtoka. Akauliza nusu hii ni ya nani.

Nikasema ni yangu. Nikasema nimenunua. Nikasema si noti, ni mchoro. Yote matatu kwa pumzi moja. Kisha nikabeba sanduku kichwani na kukimbia kupitia bustani ya mchicha ya masista, kibao kikining'inia shingoni.

Verediana amerudi jioni na habari. Yule wa suruali ya pasi alikuwa mmoja wa mahakimu wa maonyesho. Leodgar, alipotaka kumwonyesha mgongo wa noti, alivuta na ikachanika katikati. Akavuta nyingine, ikachanika pia. Saa imekwenda kwa mama mwenye boga.

Siku nyingine ningefurahi. Leo nasikiliza mlango.

Jumatatu, 13 Oktoba

Amenipata. Nani asiyemjua fundi mwenye noti? Walimwelekeza hadi mlangoni.

Anaitwa Ndayisenga. Alifika mezani kwangu akaamkia kwa adabu, shikamoo, na kabla sijaitika akatoa kitambaa kilichofungwa mara nne. Ndani yake, nusu ya faranga hamsini.

Vénérande alikuwa anageuza mihogo. Alidondosha mwiko.

Ndayisenga alieleza. Hatungimana yuko kambini, ng'ambo ya Kasulu, mguu mmoja hautembei tena. Alisikia kwa watu kwamba mkewe alionekana Kigoma. Ndayisenga anakaa naye hema moja, amepata kibali cha kutoka, na kwa siku tano amekuwa akizunguka Ujiji, Katonga na Gungu akiuliza. Kibali kinakwisha Alhamisi. Jana alikuwa amekata tamaa, akapita kanisani kusali, akaona foleni, kisha nusu chini ya kioo.

Vénérande aliniomba nusu yake. Hakuuliza ilifikaje kanisani. Uso wote ulikuwa umefunguka kama wa msichana. Sijawahi kumwona hivyo. Niliitoa chini ya kioo nikampa. Nilijua. Nilijua kabla hajaziweka pamoja.

Hazikukutana. Upande wa Ndayisenga umepanda na kushuka, upande wa Vénérande umenyooka, naye akadhani ni kioo changu kilichounyoosha. Kati yao nafasi nyembamba, mwanga unapita. Alijaribu tena. Alijaribu kwa kugeuza. Kisha uso wake ukafungwa, nikauona unavyofungwa. Akasema, "Oya." Hapana. Akamrudishia Ndayisenga nusu yake, akamwambia aende.

Kijana akaapa. Akataja majina ya wazazi wake, akataja kovu la Hatungimana. Akajibiwa kwamba hata wa kwanza na wa pili waliyajua.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mchana kutwa. Neno lilikuwa moja tu. Lakini Vénérande alikuwa ameokota mwiko, Verediana alikuwa mlangoni, na mimi niliapa kwamba hakuna jicho litakaloiona, kisha nikaipeleka mbele ya parokia nzima. Nilifungua mdomo, nikakohoa. Mimi ni mwoga. Nimeandika, basi.

Jumanne, 14 Oktoba

Sijala. Lakini nina mpango.

Tatizo ni nini? Ukingo mmoja umenyooka na mwingine haujanyooka. Haziwezi kukutana. Lakini kingo mbili zilizonyooka zinakutana, hata mtoto wa chekechea anajua! Sihitaji kukiri lolote. Nahitaji mkasi.

Nikamtafuta Ndayisenga, nikamkuta amekaa karibu na stendi, ameinamisha kichwa. Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba karatasi hutanuka kwa jasho, na nusu yake imetanuka kwa kubebwa kwenye kitambaa. Anipe, niibane chini ya kioo hadi kesho, irudi umbo lake. Alinipa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mtoto abatizwe. Nilitaka ardhi inimeze.

Nimepunguza kidogo sana. Utepe wa pili nao nimeutia kwenye kopo la skrubu. Ukingo umenyooka vizuri mno. Kesho zitakutana, Vénérande atalia kwa furaha, ataondoka, na siri itaondoka naye.

Mbona basi nimekagua kufuli mara tatu?

Jumatano, 15 Oktoba

Mungu wangu.

Niliwaita wote wawili mezani. Verediana naye akaja, majirani wakasogea. Nikaweka nusu mbili juu ya kioo, nikazisukuma kwa kibano. Zikakutana bila nafasi hata ya unywele. Nikasema, oneni!

Vénérande alizitazama. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa Ndayisenga. Kisha akaongea kwa sauti ndogo iliyonitisha kuliko kelele. Alisema juzi ukingo huu ulikuwa umechanwa na leo umekatwa. Alisema mtu yeyote mwenye faranga hamsini na mkasi anaweza kuleta kitu kama hiki. Mume wake hakuwa na mkasi. Alisema huyu kijana ni mwongo kuliko wale wawili, maana wale hawakujisumbua kughushi.

Mtu akapaza sauti, tapeli! Neno hilo lina miguu. Katika muda wa kupepesa macho uwanja ulijaa. Mmoja alikuwa na fimbo, mwingine na mchi wa kutwangia. Wakatuma mtu kwa mwenyekiti wa mtaa alete mgambo. Wengine wakasema mgambo wa nini.

Ndayisenga hakukimbia. Alikaa chini kwenye vumbi, mikono juu ya kichwa. Hakunitazama, na alijua. Alikuwa amenipa kitu kizima mkononi na alijua. Alisema tu, kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba hajui atamwambia nini Hatungimana.

Mchi ulikuwa umeinuliwa.

Nilisikia mtu anapiga kelele kwamba ni mimi, ni mimi, nimekata mimi, zote mbili, msimguse. Sauti nyembamba, ya aibu. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemlalia yule kijana mgongoni, sijui nilifikaje huko. Mchi ukanipata kwenye bega, si kwa nguvu sana. Bega limevimba.

Vénérande akaniuliza mara moja tu, kwa nini. Nikasema kioo hakikufunga. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Nimeishi miaka hamsini na moja na hilo ndilo jibu.

Nikatambaa hadi kwenye kopo la skrubu. Nilimwaga vyote juu ya kioo, skrubu, springi, mishale, nikachambua kwa lenzi. Utepe wa kwanza. Utepe wa pili. Nikaweka nusu yake, utepe wake, utepe wa Ndayisenga, nusu ya Ndayisenga. Nikasogeza zile tepe mbili kwa kibano. Pale kati zikaingiliana, kilima kwenye bonde, bonde kwenye kilima, na miguu ya watu waliochorwa mgongoni mwa noti ikarudi kwa wenyewe.

Nikampa Vénérande lenzi. Alitazama. Alitazama tena. Akasema, "Mana yanje." Mungu wangu. Kisha akalia, si kwa kelele, mabega tu yalikuwa yanakwenda. Ndayisenga alikuwa bado chini. Akamwinua mwenyewe, akampangusa vumbi la suruali kwa kanga yake, akimwomba radhi kwa Kirundi, tena na tena.

Mimi alinipa mgongo. Nilitamani anitukane.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wameondoka na lori la asubuhi kwenda Kasulu. Vénérande alibeba sufuria, karai la mihogo na mkeka. Vipande vinne amevishonea ndani ya upindo wa gauni, kwa uzi wake, mbele ya macho yangu, na alipokuwa anashona alikuwa ananitazama ili nione jinsi kitu kinavyotunzwa.

Verediana alimpa kitenge kipya na nazi mbili za kula njiani. Mimi nilikuwa nimemtengenezea saa ya mkononi, ya kiume, kwa ajili ya Hatungimana. Niliogopa kumpa. Nikampa Ndayisenga ampe. Lori lilipoanza kutembea, Vénérande aliinua mkono kuaga. Sijui ulikuwa wangu au wa Verediana. Nimeuchukua.

Kisha nikarudi nyumbani nikapanda juu ya paa la chumba cha uani na kuziba pale palipovuja. Niliogopa kuanguka muda wote.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku mbili nimekuwa na fikra moja, haitoki. Vénérande na mumewe walipotezana miaka minne, na karatasi ndogo imewarudisha. Mimi na Verediana tuko pamoja miaka ishirini na tatu na hatuna alama yoyote. Yoyote! Dunia ya sasa watu wanatawanyika wakati chungu kiko jikoni. Ikitokea siku hiyo, nitamjuaje mjumbe wa kweli? Nimemtazama anachambua mchele, nikaogopa. Sitaki kumpoteza mwanamke huyu. Sijawahi kumwambia.

Basi nimeamua. Sikuchukua noti ya ovyo. Nimechukua iliyo bora kuliko zote, shilingi ishirini ya Afrika Mashariki aliyoacha babu, ambayo Leodgar alishataka kunipa kamera kwa ajili yake. Nimeigawa katikati. Nikampelekea Verediana nusu yake, nikamweleza yote, ya mjumbe, ya kukutana, ya kufukuza mwongo hata kama analia.

Aliuliza naenda wapi. Nikasema siendi popote. Akauliza, sasa? Nikasema ni kwa usalama. Akanitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu tukiwa wachumba, nikaona macho yamelowa, akaipokea. Akaitazama nusu ile, mbele, nyuma, ukingoni. Kisha akashika kichwa na kutoka nje, nikamsikia anacheka na majirani kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

Sielewi. Kazi ni safi kabisa. Sikuichana ovyo kwa mkono kama wale, ingeharibika. Nimeikata kwa mkasi, tena kwa rula, na ukingo umenyooka sawasawa.